Shingo Yangu kwenye Picha za Ndaya

Sogeeni, wanangu, kwa sababu sauti yangu haifiki tena mlangoni, na sitaki mmoja wenu aje kusema kesho kwamba alisikia nusu. Glodie, keti hapa kitandani, miguuni pangu. Hénock, weka simu chini. Na wewe Séraphin, mkubwa wao, usisimame hapo kama mgeni anayengoja kuitwa. Vuta kiti cha marehemu baba yako ukae. Nikiruka jambo msinikumbushe. Mambo ya nyumba hii ninayo yote kichwani, na nitakaloliacha nitakuwa nimeliacha kwa makusudi.

Mlidhani juzi nilikuwa nimelala. Sikulala. Ukuta huu ni wa tofali moja, na nilisikia kila neno mlilotupiana sebuleni baada ya kuzungumza kwa simu na yule mama Tatiana wa Lubumbashi, anayetaka kuzichukua picha za baba yenu azitundike mahali ambapo watu watakwenda kuzitazama. Alichouliza kilikuwa kidogo tu: huyu mwanamke aliyechorwa mwaka hata mwaka ni nani, apate kuandika jina lake chini. Nikamsikia Séraphin akisema, "Aandike Ndaya. Ule ni mama yangu, na zile tablo ni zangu." Nikamsikia Glodie akimjibu, "Mama yako alikufa ungali unanyonya. Ule wa mu tablo eko na mvi. Batu ba kufa banazeekaka?" Nikamsikia Hénock akijaribu kuwachekesha, "Basi tukate tablo katikati, kila mutu abebe shavu lake," na hakuna aliyecheka. Kisha Séraphin akasema kwamba kuliko kuandikwa jina lingine, heri zikae kule darini, mu plafoni, mchwa bazikule. Tangu hapo Glodie anapika, Séraphin anakula kwa jirani, na mimi ninayekufa nalishwa na watoto wasiosalimiana.

Tatiana anakuja Jumamosi. Sijui kama Jumamosi nitaiona. Kwa hiyo leo nitasema jina la kuandikwa, na nitasema kwa nini, na mkitoka humu mtakuwa na neno moja.

Kwanza vitu vidogo, ili visitusumbue. Nyumba hii haiuzwi maadamu mmoja wenu hana pa kulala. Shamba la Lubudi, lile la karibu na reli, ni la Hénock, kwa sababu kati yenu yeye peke yake anaweza kulima bila kuhadithia kulima. Cherehani ni ya Glodie, pamoja na vitambaa vilivyo ndani ya sanduku, ila kile cha bluu mnivike. Kiti unachokalia, Séraphin, ni chako, na saa ya ukutani ni yako, ingawa haijawahi kusema kweli. Mjomba Gaston, aliyenileta katika nyumba hii, alishakufa; msimtaje vibaya kwenye matanga yangu. Alifanya walivyofanya wazee wote, na mimi nilimnunia vya kutosha kwa niaba ya kila mtu.

Sasa picha.

Dada yangu Ndaya alikuwa mzuri kuliko mimi. Nalisema mapema ili mjue kwamba sikuja hapa kudanganya. Alikuwa na mwanya wa mbele ambao ulimfanya kila mtu ajione kwamba amesema jambo la kuchekesha, na alitembea polepole hata alipochelewa. Baba yenu, Stany, alimwoa kule Lubudi, wakati yeye Stany akiandika majina ya maduka na ya baa, na kuchora chupa za bia kwenye kuta. Mkono wake ulikuwa safi, mistari yake imenyooka, na ndani yake hamkuwa na kitu. Nilimjua wakati huo, nilikuwa msichana wa shule, na nilipita mbele ya chupa zake kila siku bila kupata kiu. Wakahamia hapa Kolwezi kufuata kazi ya kuandika vibao, wakampata Séraphin, na homa ikamchukua Ndaya kabla mtoto hajaota meno.

Mimi nilikuwa nimetoka kupata diploma. Nilikuwa nimeshapewa darasa la pili kule Lubudi, nimeshashona gauni la kufundishia. Mjomba Gaston akaja na wazee wawili, akaniambia nifungashe. Kwetu, mke akifa, na familia yake ikiwa inampenda mkwe, hawamwachi na kaburi tu. Wanamtoa mdogo wa marehemu akakae mahali pake. Tulikalishwa mkeka mmoja, Stany na mimi, tukapakwa pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso na mikononi, na mjomba akamwambia, "Tata Stany, tunakurudishia Ndaya." Akanigeukia mimi, "Na wewe, tangu leo ukiitwa Ndaya, itika." Wakaniita. Nikaitika. Padri alinung'unika wiki chache, halafu akaja kutubariki.

Wazee walilisema neno hilo kama lilivyosemwa siku zote, neno la desturi, la kumtuliza mtu aliyeumia. Baba yenu alilipokea kama habari. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na sijapata kujua nimlaumu nani, kwa sababu kila mtu pale mkekani alikuwa na huruma.

Mkumbuke kwamba zamani zile kila sebule ya Kolwezi ilikuwa na picha ya mamba muntu, yule mwanamke wa ziwa la Nzilo mwenye mkia wa samaki, anayemtajirisha mwanaume akimtunzia siri yake. Wachoraji wote walimchora, na wote walimchora mrembo tu, mrembo wa kwenye sabuni. Baba yenu, katika miezi ile ya kilio kabla sijaletwa, alimpa uso wa Ndaya. Hakumfanya mzuri zaidi ya alivyokuwa. Alimfanya mtu ambaye ameitwa kutoka mbali na hana hakika kama amesikia sawasawa. Watu walikuja kununua picha ya ukutani wakasimama pale uani, wakasahau kuuliza bei. Mfanyakazi mmoja wa mgodi alivua kofia yake ngumu, akaishika kifuani, kisha akaona aibu akaivaa. Mwanaume ambaye jana alikuwa akiandika majina ya saluni leo alikuwa na wageni kutoka Likasi na Lubumbashi. Huzuni ilikuwa imemfungulia mkono.

Nami nikaingia katika nyumba hiyo kwa jina la Ndaya, na Ndaya alikuwa ameshafika kabla yangu, yuko ukutani, nywele zimelowa, ananitazama nikivua viatu.

Msinielewe vibaya. Stany hakuwa mume mbaya. Hakunipiga, hakulewa nje, alipopata sabuni nzuri aliniletea mimi kwanza. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Ningerudi Lubudi, nikasimama mbele ya darasa langu. Alikuwa mpole, na mimi nikampenda, na hilo ndilo lililonimaliza. Mwaka aliozaliwa Glodie tulikuwa na furaha ya kweli. Nawaambia ili Glodie ajue alizaliwa ndani ya nini. Baba yenu aliimba akioga. Alinishika mkono sokoni, mbele za watu, mpaka akina mama wa mboga wakaanza kunisalimia kwa kejeli, "Mama bibi arusi, leo unanunua sombe ao unanunua macho ya batu?" Na mwaka huo picha zake zikafa. Mamba muntu wake wakanenepa, wakatabasamu, mikia yao ikawa kama matandiko. Wanunuzi wakaja, wakatazama, wakaondoka na adabu zao. Kabemba, aliyekuwa na baa kule karibu na kituo cha treni, hakuwa na adabu hizo. Alisimama pale uani, tumbo mbele, akasema, "Stany, ule mamba muntu yako ameshiba. Ameshiba sana. Mutu wa kushiba hana kazi ya kuvuta mutu mu maji. Unirudishie ule wa zamani, wa njaa."

Baba yenu alicheka pamoja naye. Usiku hakucheka. Asubuhi akaenda makaburini, na tangu siku ile akawa anakwenda na kurudi, haongei, hali mezani, anaketi na kitambaa cha kichwa alichokiacha Ndaya magotini. Na mkono ukamrudia. Kabemba alipata mamba muntu wake wa njaa, akamtundika juu ya kaunta, na walevi walimgeuzia viti. Sisi tukala, tukapeleka watoto shule, tukapaua nyumba hii kwa mabati mapya. Hivyo nikajifunza kumsoma mume wangu kwenye kitambaa cha kuchorea. Picha ikiwa mbaya, nilikuwa na mume. Picha ikiwa nzuri, alikuwa kwake, kwa dada yangu, na mimi nilikuwa mwanamke anayegonga mlango na sahani ya bukari, ugali wake, mkononi. Mnaelewa ni jambo gani kwa mke kuombea kazi ya mume wake iharibike? Na kuinuka kwenye maombi hayo akahesabu watoto wake, akaomba upya, kinyume chake?

Picha zile anazozitaka Tatiana si za kuuza. Kila kiangazi, siku ya kifo cha Ndaya ikikaribia, Stany alichora moja ya kwake mwenyewe, akaikunja na kuipandisha juu. Kitambaa kilikuwa cha mifuko ya unga; mimi niliifua, nikaifumua, nikaishona. Kijani cha mkia kilitoka kwenye yale mawe ya kijani ambayo vijana wachimbaji walimletea, na mimi ndiye niliyeyatwanga, maana yeye hakuwa na subira. Nilimtwangia dada yangu mkia, kila mwaka, kwa mchi wangu.

Hénock alikuwa ameanza kutembea kiangazi kile ninachotaka kuwaeleza. Niliingia na chakula, na Stany, bila kugeuka, akasema, "Domitille, simama kidogo kwa mwanga. Geuza shingo." Domitille. Tangu mkeka ule ndugu wote waliniita Ndaya, naye aliniita mama Glodie mbele za watu, na tukiwa peke yetu aliniita Ndaya. Sasa aliniita kwa jina nililobatizwa, akanitazama, akatazama kitambaa, akanitazama tena, na mimi nikashika sahani ile ya moto mpaka vidole vikaniuma na sikuiweka chini. Nikawaza, leo amefika. Imechukua miaka, lakini leo ameniona. Kesho yake nilioga mapema, nikavaa vizuri, nikajipitisha kwenye mwanga bila kuitwa. Akanishukuru. Alikuwa mtu wa kushukuru.

Picha ilipokwisha nikaingia kuitazama. Ilikuwa Ndaya. Mwanya wake, nyusi zake, namna yake ya kuinamisha kichwa kana kwamba ameitwa. Ila shingoni palikuwa na mistari miwili ambayo Ndaya hakuwahi kuwa nayo. Ilikuwa yangu. Nikamwuliza, "Huyu njo mi?" Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya dukani, "Hapana. Huyu njo Ndaya. Mwaka huu angekuwa na shingo kama yako. Ninyi ngozi yenu ni moja." Nikaelewa kwa nini aliniita Domitille. Uliye naye chumbani humtumi akachukue kitu chake mwenyewe; unamtuma mwingine. Ndaya alikuwa naye pale kwenye kitambaa; Domitille ndiye aliyetumwa kuleta shingo.

Basi hilo ndilo jambo ambalo hamlijui, wanangu, na ndilo Tatiana analolistaajabia bila kulijua. Wazee walimwambia Stany wamemrudishia Ndaya, na yeye akaamini kwamba Ndaya anaendelea, kwamba mahali fulani anaongeza miaka kama sisi, na mimi nilikuwa nimewekwa hapa ili aone anavyoiongeza. Mvi zangu za kwanza nilizikuta kichwani pa dada yangu. Mikunjo ya macho, hivyo hivyo. Nilipokonda baada ya ile mimba iliyoharibika, yeye alikonda. Kioo nilikuwa nacho, kila mwanamke anacho, lakini wenzangu kioo huwaambia tu kwamba wamezeeka. Changu kiliniambia nimezeeka na kwamba uzee wangu umeshapelekwa kwa mwingine, na huko umependeza.

Mwaka uliofuata ule wa shingo niliyatwanga mawe kwa chuki. Kijani kile ukikitwanga kiasi kinabaki kizito kama majani mabichi ya sombe. Ukikitwanga sana kinapauka, kinakufa. Nilijua. Nilitwanga mpaka mikono ikawa haina habari, nikampelekea unga mweupe-mweupe, nikangoja agombe. Alichukua kidogo kati ya vidole, akasema, "Umetwanga sana." Kisha akautumia. Mwezi uliopita Tatiana alipoikunjua picha hiyo hapo sebuleni, alimwita mwenzake, "Kuya uone hii mukia. Kama maji kabla jua halijatoka." Nilikuwa jikoni na ufagio. Huo mkia ni wivu wangu, wanangu. Watu wa mjini watausimamia na watausifu, na sitauondoa, maana nilitwanga vizuri.

Glodie, niinue mto. Hapo. Asante.

Sasa wewe, Séraphin. Usiangalie chini, sikukasirikii. Siku niliyopakwa pemba walinifunga wewe mgongoni kabla haijakauka, na ulilia mpaka ukalala, na mate yako yakashuka shingoni pangu. Uliniita mama. Uliniita mama mpaka ulipojua kusoma ukausoma msalaba wa makaburini, na siku hiyo ulirudi nyumbani ukaniita mama mudogo, kwa adabu, kama mtu aliyerekebishwa na mwalimu. Nilikupa chai. Tangu hapo sijalitaja. Ila juzi, nyuma ya ukuta huu, ulisema "mama yangu" kwa sauti ambayo hujapata kunitolea mimi, ukaitoa kwa kitambaa. Nilikuwa na wivu naye kwa ajili ya baba yako, nikauzoea, ukawa kama maumivu ya goti. Lakini kwa ajili yako sikuuzoea. Yeye alikupa miezi ile ya kunyonya, mimi nikakupa iliyobaki yote, na yeye ndiye aliyekuwa mzuri. Nakwambia hivi ili ujue tu kwamba nilikuwapo.

Na wewe Glodie usitikise kichwa kana kwamba umeshinda. Ulinitetea kwa kitu kisicho changu. Unataka nipewe picha zile kama mtu anavyopishwa kiti kwenye basi kwa sababu ni mzee. Watu wa Lubumbashi wasimame mbele yangu, wasome Domitille, waseme, tazama mwanamke huyu alivyopendwa. Sikupendwa hivyo. Nilipendwa kwa sabuni na kwa kushikwa mkono sokoni mwaka mmoja, na ninaijua tofauti kuliko mtu yeyote aliye hai. Wivu wangu haujapata kuomba sadaka, na hautaanza leo.

Basi sikilizeni, hili ndilo neno. Andikeni Ndaya. Chini ya zote, tangu ile ya kwanza. Yeye ndiye aliyechorwa. Shingo ni yangu, mvi ni zangu, mikono ni yangu, lakini macho yaliyovitazama vitu hivyo hayakuwa yakinitafuta mimi. Mkiandika jina langu mtamfanya baba yenu mwongo, na hakuwa mwongo. Aliniambia siku ile ile nilipomwuliza, na angeweza kunidanganya kwa neno moja, nami ningemshukuru mpaka leo. Picha ni za ninyi watatu na hazigawanywi, kwa sababu zikitengana hakuna anayezeeka. Séraphin atamkabidhi Tatiana, na Glodie na Hénock watasimama karibu naye wakati anazikabidhi, na leo mtakula pamoja, hapa, niwasikie mkitafuna.

Isipokuwa moja.

Ngojeni. Pumzi imepotea, inarudi.

Moja haiendi Lubumbashi. Ile ya kiangazi cha mwisho kabla macho ya baba yenu hayajaingia ukungu. Mnalijua kovu langu, hili hapa, la mkono wa kulia, nilipounguzwa na mafuta ya mikate ile niliyokuwa nakaanga kuwauzia wanafunzi. Mmelikuta, hamlioni tena. Katika picha hiyo mamba muntu ameinua mkono achane nywele, na kwenye mkono pana kovu hili. Lote, na umbo lake, na ile ncha inayopinda kuelekea kwenye kiwiko. Mfikirie kidogo. Mvi Ndaya angezipata. Mikunjo angeipata. Lakini hili halitoki kwenye miaka wala kwenye ngozi ya ukoo. Ndaya hakusimama kwenye sufuria yangu. Angeishi mpaka leo asingekuwa nalo.

Sikumwuliza. Siku ile ya shingo niliuliza, nikajibiwa. Niliogopa atasema, ah, nimekosea. Niliogopa zaidi atachukua brashi alifute, akiona aibu mbele ya dada yangu. Nikawa naingia kila asubuhi kutazama kama bado lipo. Lilikuwapo. Alikaa mbele ya picha hiyo mpaka rangi ikakauka, akaikunja, akaipandisha na nyingine. Labda macho yalikuwa yameshaanza kuchoka. Labda mkono ulimponyoka. Labda alijua. Sijui, na huko niendako sidhani nitamwuliza, kwa sababu nitamkuta amekaa naye.

Tatiana ataona mwaka mmoja haupo. Mwambieni huo una mwenyewe. Mimi sitakwenda kusimama katikati ya picha za Ndaya nikawa mmoja wa Ndaya, hata siku moja. Nikishazikwa mtaitundika sebuleni, ukuta ule wa mbele, peke yake. Toeni kalenda. Toeni picha ya harusi ya Hénock. Bikira Maria mpelekeni ukuta wa pili, ataelewa. Na jina msiandike. Anayetaka kujua ni nani awaulize ninyi, nanyi mtamwambia.

Makaburini baba yenu ana Ndaya upande mmoja, na upande wa pili kuna nafasi. Nizikeni hapo. Kungekuwa na nafasi katikati yao ningewaambia mniweke katikati. Kwenye msalaba andikeni Domitille, hata ndugu wakija na desturi zao. Na desturi ile iliyonileta hapa isimguse binti yeyote wa nyumba hii. Mkwe akifiwa, mwacheni alie mpaka amalize. Msimpe mtu.

Njoo, Hénock, lete kichwa. Mungu akupe mvua kwa wakati, na mtu wa kucheka maneno yako. Glodie, njoo. Mungu akupe mume anayekuona ukiwa mbele yake. Watoto wako wasikununie. Séraphin... karibu zaidi, mkono hauinuki. Vua kofia. Mungu akulinde barabarani, na kazini, na akulinde na... nimesahau neno. Utalijua. Uliyeniita mama, akubariki. Na aliyeniita mama mudogo, ambariki huyo naye.

Maji. Kidogo tu, basi.

Glodie, ingiza mkono chini ya godoro, upande wa ukuta. Niliishusha mwenyewe nilipokuwa na nguvu. Taratibu, rangi inavunjika. Ikunjueni. Hénock, misumari iko kwenye kopo, dirishani. Hapo mbele, kwa leo, nilale nikiiona. Juu kidogo. Séraphin, shika pembe. Unaziba mkono, mwanangu, sogea.

Hapo.

Sasa tokeni. Wote. Mfunge mlango, mkale.